Johnny Most, sauti ya Celtics

Umeuliza ni mtangazaji gani wa mpira wa kikapu aliyeipendelea timu yake bila kificho. Kwangu ni Johnny Most, aliyeitangazia Boston Celtics redioni tangu 1953 hadi 1990, kwa sauti iliyokwaruzwa na sigara. Kwake Celtics hawakosei kamwe, wahuni ni wapinzani tu. Mahorn na Ruland, wachezaji wa timu ya Washington, aliwabandika majina McFilthy na McNasty, yaani wachafu na wakorofi!

Lakini tafuta rekodi ya Aprili 15, 1965, mchezo wa saba, wa mwisho na wa kuamua katika mfululizo wa mtoano dhidi ya Philadelphia. Celtics wanaongoza 110-109, zimebaki sekunde tano, Hal Greer wa Philadelphia anaurusha mpira kuuingiza uwanjani kutoka nje ya mstari, Havlicek wa Celtics anaupangua, mwenzake Sam Jones anaudaka. Most anapayuka mpaka sauti inapasuka: Havlicek kaiba mpira! Mwili hunisisimka kila nikiisikiliza.