Kwa nini GDB huorodhesha faili zilizokwisha kufutwa
Ukiona GDB, programu ya kutafutia hitilafu katika programu nyingine, ikiorodhesha faili za msimbo chanzo, unaweza kudhani kwamba imezitafuta kwenye diski. Hapana, GDB haipekui diski. Orodha inayotokea ukiandika info sources husomwa kutoka kwenye taarifa za utatuzi ambazo kompaila iliziandika ndani ya programu yenyewe, na katika Linux hizo kwa kawaida ni sehemu za DWARF (muundo wa kuhifadhia taarifa za utatuzi), ambamo majina ya faili za msimbo chanzo huhifadhiwa pamoja na saraka ambamo programu ilikompailiwa. Ndiyo maana faili uliyoifuta jana bado imo. Ukitaka kuhakikisha, endesha readelf --debug-dump=line (readelf ni zana inayoonyesha yaliyomo ndani ya faili ya programu) na utayakuta majina yale yale. Hata hivyo, faili iliyokompailiwa bila -g (chaguo linaloiambia kompaila iandike taarifa za utatuzi) kwa kawaida haitaorodheshwa, na saraka ya msimbo chanzo ikihamishwa, utahitaji amri ya set substitute-path ili GDB izipate faili mahali papya.