Kabla hujaandika "imevunjika", libonyeze bega

Fundi seremala mmoja alikuja kwetu mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kanga ya mkewe, fundo shingoni. Bodaboda ilikuwa imemwangusha, akatua kwa bega. Mimi nilikuwa na miezi michache tu kazini, na hospitali haikuwa na bingwa wa radiolojia, kwa hiyo neno la mtu wa mionzi ndilo lililofuatwa. Nikampiga picha tatu. Ile ya kwapani ikaonyesha mstari mweusi umeikata akromioni, mfupa ule unaofunika bega kwa juu kama kibaraza. Nikajiona bingwa. Nikaandika: imevunjika, haijahama.

Mkono ukaning'inizwa wiki sita. Aliporudi, mstari ulikuwa vilevile, hakuna hata dalili ya mfupa mpya. Siku hiyo alikuwepo daktari mzee wa mifupa, amekuja kwa ziara. Akaiinua picha dirishani, akaitazama kidogo, akaniuliza: "Hapa ulimbonyeza?"

Sikuwa nimembonyeza. Akambonyeza yeye, kwa kidole gumba, pale pale penye mstari. Fundi hakukunja hata uso. Kidole kiliposogea mbele kidogo, kwenye kiungo cha mtulinga, ndipo akaruka. Tukapiga picha ya bega la kulia ambalo halijawahi kuanguka popote: mstari uleule. Wakati huo bega la kushoto lilikuwa limeshaganda kwa kukaa bila kuchezeshwa, na randa hakuishika kwa miezi mitatu. Hasara ile ilitoka kwenye kalamu yangu.

Mstari wenyewe unaitwa osi akromiale. Akromioni hukua kutoka vipande kadhaa vya mfupa vinavyoanza kama gegedu, na kwa kawaida vinakuwa vimeshaungana vyote mtu anapofika miaka 25 hivi. Kwa watu takriban 8 katika kila 100 kipande kimoja hakiungani. Mtu anaishi nacho, anabeba magunia, anazeeka nacho, mpaka siku aanguke apigwe picha. Kwa hiyo ukiona mstari hapo kwa kijana wa miaka 17, hujaona kitu cha ajabu. Mfupa bado unajengwa. Kwa mtu mzima, tazama kingo. Za osi akromiale ni za mviringo, laini, na mara nyingi zimezungukwa na weupe wa mfupa mgumu. Mfupa uliovunjika jana una kingo kali kama kigae kilichopasuka, na ukiviunganisha vipande viwili kwa macho vinakaliana.

Lakini msije mkaishika hii kama kanuni ya dini. Bega la pili likiwa na mstari, hoja yako imepata nguvu. Likikosa, hujathibitisha kuvunjika, maana wengine wanayo upande mmoja tu. Tena osi akromiale yenyewe inaweza kuuma, hasa baada ya kuanguka, pale kipande kinapochezacheza. Ndiyo maana kidole kinatangulia. Hakina mionzi, hakina gharama, na kinakuambia kama picha na mgonjwa wanazungumza habari moja.

Kwa watoto habari ni hiyohiyo ila mahali ni pengine. Mstari wa ukuaji juu ya mfupa wa mkono umekaa kama paa la hema, kwa hiyo mkono ukigeuzwa unatoa mistari miwili kwenye picha, na wa pili unamtisha kila anayeanza kazi. Msiwe wepesi wa kumpiga mtoto picha ya upande wa pili ili tu mjiridhishe. Mbonyezeni, angalieni uvimbe, ombeni mwenye uzoefu aitazame.

Wadogo zangu mliobahatika kufanya kazi penye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, mtego wenu uko kwenye labramu, ile pete inayozunguka kikombe cha bega. Tunaigawa kama uso wa saa: 12 juu, na wengi tunaiweka 3 upande wa mbele kwa mabega yote mawili. (Ulizeni hospitali yenu inahesabuje, nimeona watu wakibishana asubuhi nzima kumbe kila mmoja ana saa yake.) Kati ya 1 na 3, labramu kuachana na mfupa ni kawaida kwa watu wengi tu. Wengine hawana kabisa labramu hapo. Badala yake kano la kati la bega limenenepa kama kamba. Hali hiyo iliandikwa mwaka 1994 ikaitwa Buford, na ni ya mtu mmoja au wawili katika 100. Mpasuaji akiishona kamba ile kwenye mfupa akidhani anatengeneza kilichochanika, mgonjwa anapoteza uwezo wa kuugeuza mkono nje. Alikuja na bega zima, anaondoka na la mbao.

Chini ya 3, upande wa mbele, sahauni habari za maumbile. Labramu iliyoachana hapo kwa mtu aliyewahi kuteguka bega ni jeraha mpaka ithibitike vingine. Na kule juu penye mzizi wa kano la baisepsi, msuli wa mbele wa mkono wa juu, fuateni mstari mweupe unaelekea wapi. Ukiingia ndani ukikumbatia mkunjo wa mfupa, laini, mwembamba, huo ni mfuko wa kawaida. Ukikata kuelekea nje, ndani ya labramu yenyewe, na kingo zimechanikachanika, andikeni jeraha bila kuogopa.

Na ukiona neno "imevunjika" linakujia haraka, andika kwanza ulichokiona: mstari uko wapi, kingo zake zikoje, mgonjwa anaumia wapi. Halafu iandike hali hiyo kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe, maana faili za hospitali hazimfuati akianguka mkoa mwingine. La yule fundi niliandika kwa herufi kubwa: MSTARI WA AKROMIONI, MABEGA YOTE MAWILI, WA MAUMBILE, SI KUVUNJIKA. Akausoma mara mbili, akaulamba ukucha akasugua neno la mwisho kuona kama wino unafutika.