Muulize Mjomba: Jengo lina mpangaji tayari Masasi, ninunue?

SWALI: Mjomba shikamoo, japo kwa umri huenda mimi ndo nakuzidi. Ni mwalimu mstaafu, nakaa Shangani hapa Mtwara. Kaka yangu yuko Houston Marekani miaka mingi, kaniambia kule watu wa kawaida kabisa wananunua jengo lililopangishwa duka moja la vitu vya bei rahisi kwenye mji mdogo, mpangaji analipa kodi ya jengo, bima na matengenezo, mwenye jengo kazi yake kupokea hela tu. Sasa dalali kaniletea jengo Masasi, barabara ya kwenda Nachingwea, limepangishwa duka la bei poa, wanauza mabeseni, ndala, mabegi ya shule, sabuni, vikolokolo vya jikoni. Mkataba ni miaka 10, umeanza mwaka jana, kodi 1,500,000 kwa mwezi na haipandi. Bei ya jengo milioni 240. Kaka anatoa nusu, mimi nusu kwenye kiinua mgongo na akiba. Dalali anasema kuna mtu kashafika bei, niwahi. Niwahi?
Mama Wawili, Shangani

JIBU: Marahaba dada yangu, na shikamoo yako nakurudishia. Usiwahi. Huyo "mtu kashafika bei" yupo kwenye kila jengo linalouzwa nchi hii, na kama kweli yupo basi mwache anunue, majengo Masasi hayaishi.

Kaka yako hajakudanganya lakini. Kule biashara hiyo ipo na ni kubwa. Dollar General peke yao, kampuni ya maduka ya bei rahisi yenye makao makuu Tennessee, wana maduka zaidi ya 20,000 na mengi yako kwenye miji ya watu wasiozidi elfu 20, yaani vijiji vya kwao. Majengo mengi siyo yao, wamepanga, mkataba kawaida miaka 15 afu kuna nafasi ya kuongeza mitano mitano. Kodi ya jengo wanalipa wao, bima wao, bati likivuja wao. Mwenye jengo anaweza kuwa daktari wa meno anayekaa jimbo lingine hata hajawahi kuliona duka kwa macho. Hela inaingia kila mwezi.

Ila muulize kaka swali moja, nani kasaini? Kule mnunuzi mjanja haanzi kuangalia jengo, maana jengo lenyewe ni boksi tu la chuma pembeni ya barabara, anaangalia saini ya kwenye mkataba ni ya kampuni mama yenye hela au ya kijikampuni fulani kilichofunguliwa kwa ajili ya duka hilo moja. Na hata kampuni kubwa zinadondoka. 99 Cents Only walikuwa na maduka 371, mwaka 2024 wakafunga yote. Dollar Tree walimnunua mwenzao Family Dollar mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 8, mwaka 2024 wakatangaza kufunga maduka karibu elfu 1, mengi yakiwa ya huyo huyo Family Dollar, na 2025 wakamuuza kwa kama bilioni 1 tu. Sasa fikiria we ndo una boksi lako kwenye kimji cha watu elfu 3, mpangaji kaondoka, unampangisha nani?

Tuje Masasi. Umesema mkataba wa miaka 10, hujasema kati ya nani na nani. Nina wasiwasi kasaini mtu binafsi, jina lake na namba ya simu, basi. Huyo mtu ana duka moja au ana maduka Mtwara, Songea na Dar? Kama ni kampuni, ingia kwenye mtandao wa BRELA, wale wanaosajili kampuni, utafute, utaona wenye hisa ni kina nani na kama ipo hai. Na kama mwenye duka siyo raia, hapo kaa chini kabisa, kwa sababu tangu Julai 2025 serikali imepiga marufuku wasio raia kufanya biashara kadhaa ikiwemo ya rejareja, supamaketi ndo zimeachwa, kwa hiyo omba uone leseni ya biashara imeandikwa jina la nani na ya shughuli gani. Mpangaji ambaye leseni yake ina utata mkataba wa miaka 10 kwake ni karatasi tu.

Afu hiyo "analipa kila kitu" ya Houston huku haipo hivyo. Soma mkataba wako mstari kwa mstari, nakuhakikishia sehemu kubwa ya mikataba yetu inasema mpangaji atalipa umeme, maji, takataka na mlinzi na atarekebisha vidogo vidogo kama vitasa na taa, ila "matengenezo makubwa" ni ya mwenye nyumba. Makubwa ni yapi haijaandikwa, siku paa likiezuliwa mtaanza kubishana. Kodi ya majengo nayo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndo anayeilipa, na wapangaji wengi wanajua haki yao wanaikata kwenye pango. Kodi ya ardhi ni yako. Bima ya moto sijaona mtu kaiandika kwenye mkataba wa fremu huku kusini, na duka limejaa plastiki!

Hesabu sasa. 1,500,000 mara 12 ni milioni 18. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio ya pango, ile mpangaji anayoikata na kuipeleka TRA, inabaki milioni 16.2. Gawa kwa 240, unapata asilimia 6.75 kwa mwaka, hapo hujapaka hata rangi. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, za miaka 20 na 25 zilizotoka kuanzia 2022 hadi 2024 zilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 12, unaanzia na milioni 1, na hakuna mtu anakupigia saa tatu usiku kwamba choo kimeziba. Sisemi jengo ni baya, jengo linapanda thamani na hatifungani haipandi hivyo, ila muuzaji anataka ulipe bei ya Kariakoo kwa hela ya Masasi.

Na kodi haipandi miaka 10! Mfumuko wa bei wetu umekuwa ukicheza kwenye asilimia 3 hivi, ukiendelea hivyo hiyo 1,500,000 ya mwaka wa kumi itanunua vitu ambavyo leo unavipata kwa kama 1,150,000. Hata kule kwa kina Dollar General kodi mara nyingi haipandi miaka ya mwanzo, lakini kule angalau mwenye jengo hagusi hata balbu. Na usije ukashauriwa uitoze kwa dola kujikinga, wakati wa gesi hapa Mtwara wengine walizoea hivyo, tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Kitu ambacho ningekitafuta kuliko vyote ni hili jengo likiwa tupu linapangishwa shilingi ngapi. Tembea pale barabarani uliza fremu za jirani. Tuseme fremu ni laki 2 na jengo lako ukiligawa linatoa fremu tano, basi jengo linaingiza milioni 1 kwa mwezi, hiyo laki 5 ya juu ni ya huyu mpangaji mwenyewe na akiondoka anaondoka nayo. Sasa we unatakiwa kununua milioni 1, siyo milioni 1 na nusu. Watu wengi wananunua kwa hesabu ya mpangaji aliyepo halafu wanakaa na hesabu ya mpangaji atakayefuata.

Maana huku kwetu tunajua mji wa kumtegemea mtu mmoja. Nachingwea wazee wanakumbuka, Waingereza walikuja na mradi wa karanga 1947, wakajenga bandari Mtwara, reli, mji ukachangamka, 1951 mradi umekufa na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli nayo ikafungwa. Gesi hivyo hivyo, 2012 na 2013 watu wamejenga hoteli na nyumba za wageni wa kampuni, bomba likaenda Dar na wageni wengi wakaondoka. Na korosho ya 2018 hujaisahau, serikali ilinunua yote kwa 3,300 kilo, malipo yakachelewa, maduka ya Masasi, Newala na Tandahimba yakakosa wateja msimu ambao ndo ulikuwa wa kuuza. Mwenye duka la bei poa anauza mabati na redio? Hapana, anauza beseni la elfu 5, kwa hiyo anahimili kidogo kuliko wengine, ila naye mteja wake ni yule yule mkulima.

Kwa hiyo usiende Masasi Novemba. Novemba minada ya korosho imepamba moto hata anayeuza mawe anauza. Nenda Machi au Aprili, hela ya korosho ishaliwa, ufuta bado haujaanza kuuzwa. Kaa upande wa pili wa barabara agiza chai na chapati, angalia watu wanaotoka wana mfuko mkononi au wameingia kupigwa na feni tu. Ingia ndani, pitisha kidole juu ya bidhaa za shelfu ya nyuma uone vumbi. Nenda nyuma ya jengo angalia kama fuso linaweza kuingia kushusha mzigo na kugeuka, kama haliwezi mpangaji mwingine wa maana hutampata. Gonga fremu za milango, mchwa wa Masasi hawana adabu.

Afu kaa na mpangaji peke yenu bila dalali. Muulize amelipa mpaka lini. Hapa ndo watu wanaumia, muuzaji kashachukua kodi ya mwaka mzima mbele, na pengine kilemba juu, ile hela ya kupewa nafasi, kaitumia, we unanunua Januari unakuja kuona shilingi yako ya kwanza Januari nyingine. Au mpangaji ndiye aliyemalizia jengo, kapiga plasta, kaweka vioo na vigae kwa hela yake na wamekubaliana anakatana na kodi mpaka hela yake irudi, na hilo halipo kwenye mkataba, lipo kwenye karatasi ya daftari. Mwandikishe na asaini mbele ya wakili: kodi ni kiasi gani, imelipwa mpaka tarehe ngapi, anamdai mwenye nyumba kiasi gani. Muuzaji akikataa uonane na mpangaji, biashara imeishia hapo.

Hati tafuta kwenye ofisi ya ardhi usiishie kuonyeshwa kopi. Angalia imebaki miaka mingapi, kuna rehani ya benki, matumizi ni biashara au makazi. Mkataba wa pango wa miaka mitano na kuendelea unatakiwa usajiliwe kwa msajili wa hati, uliza kama huu wa 10 umesajiliwa, nina hakika muuzaji atakukodolea macho. Kama eneo ni la urithi mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwetu huku ukinunua kwa baba kesho anakuja mjomba wa ukweli na ukoo mzima. Mke au mume wa muuzaji asaini ridhaa.

Kaka yako naye, kama kashachukua uraia wa Marekani jina lake haliwezi kuingia kwenye hati hivi hivi, Tanzania haina uraia pacha na asiye raia hamilikishwi ardhi kwa njia ya kawaida. Likiandikwa jina lako peke yako wekeni maandishi kwa wakili, nusu ni ya nani na mmoja akifariki inakuwaje, wajomba na shangazi za watoto wenu wasije wakagombana.

Bei? Kwa milioni 240 mimi sinunui. Ningeanza kuongea kwenye 150, hapo baada ya kodi ya zuio unapata karibu asilimia 11, na ningeomba mkataba uandikwe upya kodi ipande kila baada ya miaka mitatu.

SWALI: Mjomba, nina kiwanja Ruangwa barabarani. Kampuni inataka kukipanga miaka 20 ijenge duka yenyewe kwa hela yake. Sitoi hata mia. Kuna mtego?
Msomaji, Ruangwa

JIBU: Mtego ni hati yako. Wataiomba waipeleke benki wakope hela ya kujengea, wakishindwa kulipa kiwanja kinakwenda. Iandikwe wazi hawaruhusiwi kuweka ardhi yako rehani. Na iandikwe miaka 20 ikiisha jengo ni la nani, wengi wanakuja kung'oa mpaka milango. Kodi ya ardhi walipe wao.

SWALI: Nimempangisha kampuni fremu mbili Tandahimba, kaleta kodi pungufu asilimia 10 anasema ni ya TRA. Kaniibia?
Mwenye fremu, Tandahimba

JIBU: Hajakuibia akikuletea cheti cha zuio chenye TIN yako, sheria inamtaka akate apeleke TRA. Asipokuletea cheti hapo sasa mdai, na kodi inayofuata usiipokee mpaka akionyeshe. Na asikwambie umlipishe VAT, hiyo ni ya waliosajiliwa na kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Fremu mbili za Tandahimba hazijafika huko.