Kachero anayekula pande mbili

SWALI: Mhariri, naandika riwaya kuhusu ukoo wa majambazi. Kachero wangu anawauzia siri za polisi, ila walioisoma wanasema haaminiki: sura moja mwema, sura ya pili katili. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usimbadilishe tabia kila sura. Mpe kitu cha kuuza, kisha onyesha bei yake, mkono unaopokea na nani anaumia.

Chukua kesi ya Louis Eppolito na Stephen Caracappa, makachero wa New York. Anthony Casso, naibu bosi wa Lucchese, mojawapo ya familia za mafia, aliwalipa dola 4,000 kila mwezi. Maagizo na pesa vilipitia kwa Burton Kaplan. Mtu wa kati kama huyu usimwache nje ya riwaya, maana ndiye anayejua yote: mwaka 2006 Kaplan alisimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi yao.

Madhara yaanze na jambo dogo la ofisini. Mwaka 1986 Casso alikuwa akiwasaka waliompiga risasi. Caracappa akaandika jina la mmoja wao kwenye kompyuta ya polisi, ikatoka anwani ya mtu mwingine mwenye jina lilelile. Siku ya Krismasi kijana huyo wa miaka 26, asiyehusika na lolote, akauawa karibu na kwao. Andika tukio hilo polepole: vidole kwenye vitufe, anwani ikinakiliwa, kachero akirudi kunywa kahawa yake. Asihakiki tarehe ya kuzaliwa. Kosa ni hapo, na msomaji alione kabla yake.

Sasa moyo wake. Baba na ami yake Eppolito walikuwa watu wa Gambino, familia nyingine ya mafia. Mwandishi mvivu angesema damu ilimvuta. Lakini mwaka 1990 makachero hao walimsimamisha barabarani Edward Lino, kapteni wa Gambino, wakampiga risasi. Malipo yalikuwa dola 65,000. Aliyeisaliti beji aliusaliti na upande wa baba yake. Huyo ndiye mhusika wako: kila upande unadhani ni wake.

Kwa hiyo rudi kwenye sura ile ya wema. Aende kwenye mazishi ya kijana aliyeuawa kwa kosa lake, amshike mkono mama wa marehemu, huku bahasha ya mwezi iko mfukoni.