E Moja ya Fizikia

Juzijuzi usiku nimetoka zamu miguu imevimba, nafungua simu nakuta ujumbe wa binti mmoja wa Tabora: “Shikamoo dada. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, nimepata divisheni ya pili, pointi 11. Baiolojia C, Kemia C, Fizikia E. Nimeshaomba udaktari vyuo vitatu. Niombee.”

Nilikaa kitandani na viatu vyangu mguuni. Kumwombea nitamwombea, ila jibu ninalo. Vyuo bado havijamjibu yeye, lakini mimi vilishanijibu mwaka 2018.

Mimi nilipata pointi 10. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia E. Nyumbani Kahama alichinjwa jogoo, baba mdogo akapiga simu kwa ndugu ambao hata siwajui. Divisheni ya pili kwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, si mchezo jamani. Wadogo zangu wakaanza kuniita dokta siku ileile, na mimi sikuwakataza.

Shuleni hakuna aliyetueleza kwamba pointi ziko za aina mbili na kila moja inakwenda upande wake. Za divisheni, A ni 1 na E ni 5, kwa hiyo ukiwa nazo chache unashangilia. Za udahili zimegeuzwa: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo unazitaka nyingi. Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unataka mwombaji wa udaktari awe na pointi zisizopungua 6 kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nikapiga hesabu yangu: 4 na 3 na 1, jumla 8. Zimezidi! Nikaufunga mwongozo.

Maneno yaliyofuata palepale yalisema kila somo kati ya hayo matatu lisiwe chini ya D. Sikuyasoma. Mwenzangu mwenye D tatu, pointi 6 kamili, alikuwa na haki ya kupanga foleni. Mimi mwenye 8 sikuwa na ruhusa hata ya kusogelea mlango.

Tangu mwaka 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake na ada yake. Ada za vyuo vitatu mama alizitoa kwenye pesa ya mpunga. Awamu ya kwanza jina hamna. Awamu ya pili hamna. Zilikuwepo shahada nyingine za afya zinazompokea mwenye E ya Fizikia, nami nilizipita kama sizioni, maana nilishaitwa dokta. Rafiki zangu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kundi letu la WhatsApp likageuka la picha za mabweni. Nikajitoa usiku, kimya kimya.

Baba mdogo akasema, “Si asomee ualimu tu, mtoto wa kike.” Alilisema kwa sauti ya kunisikizisha, nikiwa jikoni. Nimemsamehe. Ila sijasahau kwamba siku hiyo alikuwa anakula ugali niliousonga mimi.

Sasa hiyo E ilitoka wapi? Nitasema ukweli ambao miaka yote nilikuwa nauficha kwa kusingizia mtihani mgumu. Nilikuwa naikimbia Fizikia. Baiolojia nilisoma hadi nikawa nawafundisha wenzangu usiku, napigiwa makofi, najisikia. Fizikia naifungua dakika kumi, nasinzia, narudi kwenye Baiolojia ninakopendwa. Kwa vitendo ndiyo kabisa: kwenye kundi letu la maabara mimi nilikuwa mwandishi, wengine wanashika vifaa, mimi nanakili namba kwa mwandiko mzuri.

Mei 2018, kwenye mtihani wa taifa wa vitendo, nikakutana na kalorimita, kile kikombe cha majaribio ya joto, peke yangu. Swali la joto: maji ya moto, kipimajoto, soma nyuzi kila baada ya dakika kadhaa, chora grafu ya upoaji. Mwanzo nilienda vizuri. Nimefika kwenye hesabu ndipo nikagundua sijaandika joto la chumba. Ukikosa joto la chumba huna cha kutoa kwenye kila namba uliyosoma, yaani huna swali. Na kipimajoto changu kilikuwa ndani ya maji ya moto tangu mwanzo. Nikabahatisha, nikaandika 25. Chumba kina paa la bati, jua la saa sita, jasho linadondokea karatasi ya grafu, mimi naandika 25! Tulipotoka nje wenzangu wote wanataja 29, 30. Nilienda kukaa chooni mpaka gari la mizigo lilipofika.

Basi nikarudia. Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu, kusafisha cheti. Mama akaninunulia kipimajoto. Saa ikawa simu, na kalorimita ikawa kikombe cha bati. Kila jioni naichukua chai yake inavyofuka, naisoma nyuzi inavyopoa, yeye anasubiri na andazi mkononi. “Imefika ngapi?” Sitini na mbili, mama. “Haya nipe, inatosha hiyo sayansi.” Jirani walisema nimechanganyikiwa.

Mei 2019 Fizikia C. Pointi 10 za udahili, nikaitwa Dodoma. Miaka mitano ya chuo naipita, ina anatomia nyingi na sapu moja, mtihani wa kurudia, ambayo haiwahusu. Utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, nimeumaliza mwaka huu. Dokta niliyeitwa kabla ya wakati sasa naitwa kihalali, na baba mdogo ndiye anayeniita kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wadogo zangu wa PCB, nisikilizeni. Soma mwongozo. Usimtume kaka wa stationari akusomee; yeye anajua kubofya, hajui ndoto yako. Soma mstari wa udaktari mpaka nukta ya mwisho, kisha usome tena. Ukishatimiza sifa za chini usianze kushona koti jeupe, kwa sababu chuo cha Muhimbili na vingine wanachukua kuanzia juu kushuka chini, na sifa za chini zinakuingiza kwenye foleni tu. Weka na kozi ya akiba ambayo ungeisoma bila kulia. Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja siku hiyohiyo kwa ile namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu. Nina rafiki aliyeiona baada ya muda kuisha kwa sababu simu alimwachia mdogo wake acheze gemu.

Na somo unalolikimbia ndilo la kulianza asubuhi, akili ikiwa safi. Mnaniandikia “dada nipe mbinu”, mbinu gani? Shika vifaa mwenyewe. Mwanafunzi anayenakili namba za mwenzake anajidanganya, na Mungu hasaidii aliyeamua kujidanganya. Mwongozo, je, nimeshasema? Soma mwongozo.

Binti wa Tabora nilimjibu yote haya, kwa ukali kidogo, halafu nikaona aibu nikamtumia na pole. Nikamwambia dirisha la maombi halijafungwa, aangalie shahada zinazoipokea hiyo E, na kama moyo umegoma kabisa, aulizie usajili wa kurudia sasa, maana hufungwa miezi mingi kabla ya Mei. Akakaa kimya siku mbili. Jana kanitumia picha: kikombe cha bati, kipimajoto, karatasi ya grafu yenye nukta kumi na mbili zimeunganishwa vizuri.

Joto la chumba hajaandika. Nimemrudishia.