Amana ya Mpangaji: Mwenye Nyumba Akate Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mpangaji wangu amehama baada ya kukaa miaka 4. Rangi ya kuta imefifia, zulia la chumba cha kulala lina alama ya pasi, na kitasa cha mlango wa jikoni kimelegea. Nimekusudia kukata gharama ya kupaka rangi nyumba nzima, kununua zulia jipya na kubadilisha kitasa, na hapo amana yote itakuwa imekwisha. Yeye anasema namwonea. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa zulia una haki ya kumkata, ingawa si bei nzima; lakini kwa rangi na kitasa, kwa jinsi ulivyoeleza, sioni unachomdai.

Amana huwekwa ili kufidia hasara iliyosababishwa na mpangaji, si kugharimia ukarabati ambao ungekulazimu hata kama nyumba ingekaliwa na mtu mwangalifu kupita wote. Rangi iliyofifia kwa miaka 4 na kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku ni uchakavu wa kawaida, na uchakavu huo umekwishalipwa ndani ya kodi. Ingekuwa habari nyingine kama ungekuta watoto wamechora ukutani kwa kalamu za rangi, au kitasa kina mikwaruzo ya bisibisi inayoonyesha kuwa kilibomolewa.

Zulia ndilo linalohitaji hesabu. Ile ncha ya pasi iliyojichora nyeusi kwenye nyuzi haitokani na kuchakaa. Ni uharibifu, hata kama haukukusudiwa. Hata hivyo, kilichoungua si zulia jipya. Tuseme zulia la aina hiyo hudumu miaka 10, nalo lilikuwa na miaka 2 mpangaji alipoingia. Leo lina miaka 6 na lilibakiwa na 4, kwa hiyo hasara yako ni asilimia 40 ya bei ya zulia la kiwango kilekile, tena la chumba hicho kimoja. Ukimtoza bei kamili, utakuwa umebadilisha kuukuu kwa jipya kwa fedha zake. (Wenye nyumba wengi hukasirika wakielezwa hivi, nami nawaelewa, kwani hakuna duka linalouza asilimia 40 ya zulia.) Na kama fundi anaweza kukata kipande kilichoungua na kutia kiraka kisichoonekana kwa gharama ndogo zaidi, basi mkate hiyo.

Yote haya yanategemea ushahidi, kwani anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kama hamkuandika orodha ya hali ya vyumba siku ya kukabidhiana funguo, mkaitia saini na kupiga picha, mpangaji anaweza kusema kwamba alama ile aliikuta, nawe utakosa la kumjibu.

Mwandikie barua inayotaja zulia peke yake, umri wake, hesabu uliyoitumia na bei uliyopewa dukani au na fundi, kisha mrudishie fedha zilizobaki sasa hivi, hata kama bado anabishia kiasi ulichokata. Zile ambazo hazina ubishi huna sababu ya kuzishikilia. Angalia pia mkataba wenu na sheria ya mahali mlipo, kwa kuwa katika nchi nyingi upo muda maalumu wa kurejesha amana, na huenda siku zako zimeanza kuhesabiwa tangu alipokukabidhi funguo.