Uliza Rubani: Nadharia ya ATPL, nisome Nairobi au nijiunge na shule ya Ulaya mtandaoni?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tanga, PPL (leseni ya rubani binafsi) ninayo, nimeipatia Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson, na sasa familia imekubali kunichangia nisome nadharia ya ATPL, ile leseni ya marubani wa ndege za abiria. Shida ni shule. Kuna moja ya Nairobi ya kuingia darasani, wanaandaa watu kwa mitihani ya KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya), alafu kuna dalali kanitumia ofa ya shule ya Ulaya ya kusoma mtandaoni, anasema leseni ya EASA, yaani ya mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, inakubalika dunia nzima na wanafunzi wao asilimia 95 wanafaulu mara ya kwanza. Bei imenishtua ila anasema hela itarudi. Nichague ipi? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wewe umeanza na shule, mimi ningeanza na leseni. Ukimaliza unataka kuruka wapi? Kama mpango ni kurudi nyumbani kurusha ndege ndogo za Caravan za watalii Serengeti na Zanzibar, ambako wengi wetu ndiko tunakoanzia, basi leseni utakayoitumia ni ya TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kwahiyo kabla hujamlipa mtu yeyote hata mia waandikie TCAA uwaulize ukija na mitihani ya KCAA watakudai nini cha kuongezea, na ukija na ya Ulaya watakudai nini, na wakujibu kwa maandishi sio kwa simu.

Hayo ya kukubalika dunia nzima ni maneno ya dalali. Leseni inakubalika pale mamlaka ya nchi husika ikiamua kuikubali, basi. Angalia tu Uingereza na majirani zake, tangu Uingereza ilipotoka kwenye mfumo wa EASA kuanzia 2021 mitihani ya upande mmoja haikupi leseni ya upande wa pili, mpaka kuna wanafunzi wanapiga mapepa yote mara mbili ili washike leseni zote mbili. Alafu mwulize huyo dalali swali ambalo hajaligusa kabisa: una kibali cha kuishi na kufanya kazi Ulaya? Kama huna, hiyo leseni nzuri kweli ila utaitumia wapi? Na ukiota ndoto za Ghuba, kule wanachukua watu wa leseni za nchi mbalimbali, kinachokubana zaidi ni masaa yako hewani. (Na akitaja tena EASA mwulize ipi, maana East African School of Aviation ya Embakasi nayo inaitwa EASA, nimeona matangazo yanacheza hapo hapo.)

Sasa tuseme bado unaitaka ya Ulaya, jua unachonunua. Ni masomo 13, kila moja unatakiwa upate asilimia 75 kwenda juu, kila pepa una nafasi 4 tu, na yote uyamalize ndani ya miezi 18 ikianza kuhesabiwa mwisho wa ule mwezi uliofanya pepa la kwanza. Kozi yenyewe ni masaa 650, na hata ukisoma kwa mtandao angalau asilimia 10 lazima iwe darasani, sasa hapo ndipo uwaulize: darasa hilo liko wapi, mitihani nafanyia wapi, visa na nauli na chumba vimo kwenye hiyo bei au ni juu yangu? Ofa nyingi ninazoonyeshwa hazina hiyo mistari, na ndiyo inayokuja kula hela ya michango ya familia.

Kitu kingine, huendi tu kujisajili mtihani mwenyewe. Shule ndiyo inakupendekeza kwamba umeiva, na hayo mapendekezo yanadumu miezi 12. Ukishaelewa hapo ile asilimia 95 nayo inaeleweka: shule haikuachii mpaka ufaulu mitihani yao ya ndani, waliochoka wakaacha njiani hawahesabiwi. Mimi ningeuliza kati ya watu 10 walioanza kozi ni wangapi wamemaliza mapepa yote 13. Ukiona anaanza kukuzungusha umeshajibiwa.

Ya Nairobi nayo usiichukue kwa sababu iko karibu tu. Nenda kaombe ukae darasani siku moja kabla ya kulipa, shule inayojiamini haikatai. Ukiwa pale mwulize instrakta kitu kama hiki: nimeweka altimita (kipimo cha kimo cha ndege) kwenye presha ya 1020, nimeruka mpaka sehemu ambayo QNH (presha ya hewa ya hapo kwa usawa wa bahari) ni 1010, sijagusa kitu, inasoma futi 3,000, je kweli niko futi 3,000? Jibu ni kwamba uko chini zaidi, karibu futi 2,700, kwasababu kila hektopaskali moja ni kama futi 27 hadi 30 na altimita haijui presha imeshuka, yenyewe inaona hewa nyepesi inadhani umepanda. Instrakta mzuri atachukua chaki akuchoree hiyo mistari ya presha inavyoinama, alafu akugeuzie swali, utoke 1010 uende 1020. Mbovu atakwambia hilo liko kwenye benki ya maswali, jibu ni C, kariri. Wanaosoma kwa madesa hivyo wanafaulu kweli, sikudanganyi, ila kwenye intavyuu ya kampuni anakaa kapteni mwenye mvi anakugeuzia swali hilo hilo na unachemsha mbele yake.

Na ya Ulaya ina mateso yake kwenye hali ya hewa, kule ni fronti za joto na baridi (mipaka ambako hewa ya joto na ya baridi zinakutana) na barafu kwenye mabawa, wewe umekulia kaskazi na kusi, hujawahi kuona fronti ikipita. Somo hilo usilisome peke yako na video, utahitaji mtu wa kumuuliza saa 3 usiku bando likiwa bado lipo na umeme haujakatika.

Kwa ulichoniandikia, bila kibali cha Ulaya, ningeenda Nairobi. Ila cheti cha afya cha daraja la kwanza kapime sasa hivi kabla ya ada, macho na moyo vikikataa hakuna shule itakayokurudishia.

SWALI: Kaka mimi mzazi, niko Morogoro. Shule ya kijana wangu inataka tulipe kozi yote kabla ya mwisho wa mwezi watupunguzie bei. Tulipe? – Mama Mzazi

JIBU: Hapana mama. Lipa kwa awamu, somo kwa somo au mwezi kwa mwezi, hata kama punguzo litakupita. Shule za urubani zinafilisika, na sio za vichochoroni tu, Tayside Aviation ya Dundee kule Uskochi ilikuwa shule ya miaka mingi na ikafungwa Aprili 2023 wanafunzi wakiwa wameshalipa. Wakikataa awamu omba mkataba unaosema kijana akiacha au shule ikifungwa mnarudishiwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi, umpe mtu wa sheria ausome. Na risiti ziwe za jina la shule, usitume hela kwenye namba ya simu ya mtu.

SWALI: Hesabu zangu za fomu foo ni za kuunga unga, nitaweza hii nadharia? – Dullah, Kigamboni

JIBU: Utaweza Dullah. Ni uwiano, asilimia, pembe, sine na kosine, na kugeuza vizio haraka. Kinachowaangusha watu ni muda, kwahiyo nunua ile kompyuta ya kuzungusha kwa mkono, CRP-5, anza kuichezea hata kabla kozi haijaanza, ule upande wa kupigia hesabu za upepo hasa.